Shajara ya mradi: hewa isiyokwisha kwenye rejeta za nyumba

Jumapili, 2 Novemba 2025

Nianze na mfumo wenyewe, maana atakayesoma akiwa Tanga au Bujumbura huenda hajawahi kuuona. Nyumba iko Coventry, Uingereza, ni ya miaka ya 1960, yenye ghorofa moja. Jikoni kuna boila ya gesi. Boila inapasha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba ya shaba hadi kwenye rejeta za chuma zilizofungwa ukutani kila chumba. Yanaacha joto humo kisha yanarudi kwenye boila yakiwa yamepoa. Maji ni yale yale, yanazunguka miaka nenda miaka rudi. Hayanywewi wala hayaogewi. Maji ya kuoga yamo kwenye silinda ya shaba, kabatini ghorofani, na maji ya rejeta yanapita ndani ya koili ya silinda hiyo kuyapasha bila kuchanganyika nayo.

Mfumo wetu ni wa zamani, ule ulio wazi. Darini kuna tenki dogo la plastiki lenye boya. Kutoka kwenye tenki hilo linashuka bomba la milimita 15 linalojazia mfumo maji yanapopungua. Humu nitaliita bomba la kujazia. Jirani yake bomba la milimita 22 linapanda kutoka kwenye mfumo, linajipinda juu ya tenki, na mdomo wake unatazama chini bila kugusa maji. Hilo ni bomba la kupumulia. Kazi yake ni usalama: boila ikichemka kupita kiasi, mvuke na maji yapate pa kutokea. Nyumba mpya hazina vitu hivi, zina mfumo uliofungwa wenye geji ya presha na chombo cha kupokea maji yanayotanuka. Nalisema mapema kwa sababu kila ninayemuuliza ananiambia niangalie geji. Sina geji.

Dalili ni hizi. Rejeta za ghorofani zina joto chini, juu baridi. Asubuhi boila ikiwaka mabomba yanakoroma ukutani kiasi cha kuamsha watoto. Pampu ina sauti ya kusaga, hasa dakika za mwanzo.

Leo nimetoa hewa. Unazima mfumo na kusubiri upoe, kwa sababu pampu ikiwa inazunguka inaweza kuvuta hewa kupitia koki ile ile unayoifungua. Vifaa ni ufunguo mdogo wa mraba, tambara na kopo. Koki ya hewa iko kona ya juu ya rejeta. Unailegeza robo mzunguko, ikibidi nusu, huitoi yote. Hewa inatoka kwa mluzi, inaanza kutema matone, kisha maji yanakuja mfululizo nawe unafunga. Unaanza rejeta za chini, unamalizia za juu. Za chini hazikuwa na kitu. Ya chumba cha watoto na ya bafuni zilikuwa zimejaa hewa karibu nusu. Jioni nyumba nzima ina joto na mabomba yako kimya.

Jumamosi, 8 Novemba

Hewa imerudi. Rejeta zile zile, na sauti ile ile ukutani.

Mfumo ambao hakuna aliyeufungua tangu mwaka juzi hauna sababu ya kupata hewa mpya kila wiki. Watu wengi hapa wanatoa hewa, inarudi, wanaitoa tena, na miaka inakwenda hivyo. Wanaiona ni tabia ya baridi. Mimi sikubali.

Kuna jambo jingine nimeliona leo na naliandika hata kama sijajua maana yake: koki ya bafuni ilipuliza kwa unyonge sana, na baada ya hewa kwisha maji hayakuja kwa nguvu. Yalichungulia tu. Tenki liko mita chache juu yake, yalipaswa kuruka.

Nikampigia shemeji yangu Dar. Ni fundi bomba, alisomea chuo cha ufundi cha VETA Chang'ombe, na hajawahi kugusa rejeta ya nyumba maishani. Dar hakuna anayelipia joto. Lakini hewa kwenye bomba anaijua vizuri. Simtenki iko juu ya mnara, bomba linashuka, linapita chini, linapanda ukuta, halafu linashuka tena kuingia bafuni. Pale juu kwenye mpindo hewa inakaa, na maji hayapiti hata tenki likiwa limejaa. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Shem, hiyo hewa inaingia, au inazaliwa humo humo?"

Swali hilo ndilo nimelifanya ramani ya kazi yote.

Inaweza kuzaliwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni maji yenyewe. William Henry, mkemia wa Manchester, alionyesha mwaka 1803 kwamba kiasi cha gesi kinachoyeyuka kwenye maji hufuata presha ya gesi hiyo juu yake. Na maji baridi hushika hewa nyingi kuliko ya moto. Kwa hiyo maji mapya ya bomba yakipashwa kwa mara ya kwanza hutema hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Hiyo ni kawaida kwa siku chache baada ya kujaza, kisha inakwisha. Kwetu hakuna aliyejaza.

Ya pili ni kutu. Rejeta ni za chuma, na mahali penye oksijeni kidogo chuma hakifanyi kutu nyekundu tu. Kinageuka polepole kuwa magnetaiti, unga mweusi wenye sumaku, na katika kugeuka huko maji yanaachia haidrojeni. Wakemia wanauita mmenyuko wa Schikorr. Haidrojeni hupanda na kukaa juu ya rejeta, na ukifungua koki unasikia mluzi ule ule, unasema ni hewa.

Kuingia nako kuna milango yake. Kiungio kinachovuja kidogo upande ambao pampu inavuta kinaweza kunyonya hewa bila kudondosha tone. Pampu yenye kasi kubwa inaweza kurusha maji juu ya bomba la kupumulia yamwagike tenkini, na yanapomwagika yanajichanganya na hewa. Au bomba la kupumulia lenyewe linavuta hewa kwenda chini.

Jumapili, 9 Novemba

Kipimo cha moto, cha kujua kama ni haidrojeni. Mafundi wa zamani walishika kiberiti karibu na koki na kutazama kama gesi inawaka. Sikupenda moto karibu na mapazia. Nimetumia chupa ya jamu: unaifunika kichwa chini juu ya koki, unafungua kidogo, gesi nyepesi inapanda na kukaa ndani, unafunga koki, unaondoka na chupa ikiwa bado kichwa chini hadi karibu na dirisha lililo wazi, ndipo unaleta njiti mdomoni mwake. Kiasi kiwe kidogo.

Rejeta ya chumba cha watoto: hakuna kitu. Njiti imeendelea kuwaka kivyake.

Rejeta ya bafuni: imelipuka "pu!" ndogo na mwali hafifu usioonekana vizuri mchana. Nimerudia ili nisijidanganye, ikawa hivyo hivyo.

Kwa hiyo tuna gesi mbili ndani ya nyumba moja. Bafuni kuna haidrojeni, maana yake dawa ya kuzuia kutu imekwisha au haikuwahi kuwekwa, na rejeta inaliwa. Chumba cha watoto ni hewa, na hiyo inaingia. Nadhani yanahusiana: hewa inayoingia inaleta oksijeni, oksijeni inakuza kutu, na rejeta ya bafuni, ambayo koki yake ya kurudishia maji ilikuwa imebanwa karibu kufungwa, inapitisha maji kwa uchovu hivyo haidrojeni inapata muda wa kutulia. Haidrojeni nitaishughulikia kwa dawa. Hewa kwanza, kwa sababu dawa ukiiweka kwenye mfumo unaonyonya hewa umeimwaga bure.

Jumamosi, 15 Novemba

Darini, na tochi ya kichwani.

Nimefunua tenki. Maji yana rangi ya kutu na chini kuna tope. Boya linafanya kazi. Kiwango kiko chini kama inavyotakiwa, kwa sababu maji yakipata moto yanatanuka na lazima yapate nafasi ya kupanda. Lakini chini ya mdomo wa bomba la kupumulia, kwenye ukuta wa tenki, kuna michirizi ya kahawia. Maji yamekuwa yakimwagika kutoka juu.

Kipimo cha gilasi: jaza gilasi maji, inua hadi mdomo wa bomba la kupumulia uzame ndani yake, kisha mtu aliye chini awashe pampu. Mke wangu alikuwa kabatini kwenye swichi, mimi juu. Mfumo ukiwa mzima, maji kwenye gilasi hayafanyi chochote cha maana. Yetu yalivutwa. Kiwango kilishuka kwenye gilasi mara pampu ilipoanza, kikasimama. Tukaacha boila iwake hadi rejeta zipate moto, tukazima kila kitu, nikashika gilasi tena. Kadiri mfumo ulivyopoa, gilasi ilikuwa inanywewa. Niliijaza mara kadhaa nikiwa nimepiga magoti kwenye mbao.

Kipimo cha pili ndicho kilichomaliza ubishi. Nimefunga mkono wa boya kwa kamba na kijiti ili tenki lisijijaze. Nikashuka, nikavalisha mpira kwenye koki ya kumwagia maji iliyo chini kabisa ya mfumo, nikafungua maji yatoke nje bustanini, ndoo moja hivi. Kama bomba la kujazia ni zima, tenki lingeshuka kwa ndoo hiyo. Nikarudi darini: alama niliyoweka kwa kalamu ndani ya tenki na maji yalikuwa bado yamelingana. Bomba la kupumulia lilikuwa linatoa sauti ya kufyonza.

Bomba la kujazia limeziba.

Hesabu yake ni hii, na nimeifanya kwa sababu nilitaka kuelewa kwa nini kuziba kwa bomba dogo kunaleta hewa kila wiki. Mfumo wangu nakadiria una lita 100 hivi. Maji yakitoka nyuzi 10 hadi 70 za Selsiasi yanaongezeka ujazo kwa asilimia 2 na kitu, yaani lita 2. Katika mfumo usio na tatizo lita hizo zinarudi tenkini kupitia bomba la kujazia, na mfumo ukipoa zinashuka tena kwa njia hiyo hiyo. Njia hiyo ikiziba, zinapanda bomba la kupumulia. Bomba la milimita 22 lina nafasi ya sentimita 2 ndani, hivyo mita moja yake inabeba kama theluthi moja ya lita. Lita 2 zinahitaji mita 6 za bomba. Kutoka usawa wa tenki hadi kwenye mpindo mimi nina nusu mita. Yanamwagika tenkini, ndiyo ile michirizi. Usiku mfumo unapoa, lita 2 zinatakiwa kurudi, haziwezi. Maji kwenye bomba la kupumulia yanashuka, yanashuka, hadi yanapita kiungio na hewa inaingia kwenye bomba kuu. Asubuhi pampu inaisambaza kwenye rejeta za juu.

Na ule unyonge wa koki ya bafuni sasa una maelezo. Hewa ninayoitoa inatakiwa kufidiwa na maji kutoka tenkini. Maji hayaji, hivyo kinachofidia ni hewa nyingine kutoka darini. Kutoa hewa kwenye mfumo wenye ugonjwa huu ni kuikaribisha.

Jioni nimeshika sumaku ya kwenye friji na kwenda nayo kabatini. Shaba haishikwi na sumaku. Nimeipitisha juu ya bomba la kujazia kuanzia juu: haishiki, haishiki, haishiki, halafu sentimita chache kabla ya tii, kiungio cha njia tatu kinachoungana na bomba kuu, ikashika na kuning'inia yenyewe. Ndani ya shaba kuna magnetaiti. Pale ndipo maji yaliyotulia ya bomba la kujazia yanapokutana na maji yanayozunguka, na unga mweusi unatua hapo mwaka baada ya mwaka.

Nimezima mfumo kabisa. Bomba la kupumulia bado liko wazi, lakini mfumo usioweza kujijazia unaweza kuiacha boila ikaungua bila maji ya kutosha, na hilo sichezi nalo. Tunalala na hita ndogo ya umeme na mablanketi.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeita fundi wa kwanza kwa ajili ya bei. Hakupanda darini. Alitazama boila, akasema ni ya zamani, mfumo wote ung'olewe na kuwekwa mpya uliofungwa. Nilipomwonyesha sumaku imening'inia alicheka akasema hiyo haimaanishi kitu. Nikamshukuru, akaenda zake.

Wazo la kufunga mfumo si baya lenyewe. Mfumo uliofungwa haugusani na hewa ya darini hata kidogo. Ila unaendeshwa kwa presha ya bar 1 hadi 1.5 ukiwa baridi. Wangu unategemea urefu wa maji tu: mita 10 za maji ni bar 1 takribani, tenki langu liko mita 5 juu ya rejeta za chini, kwa hiyo viungio hivi vya tangu zamani vimezoea nusu bar. Ukivipandishia presha mara mbili au tatu, vile vilivyokuwa vinajikaza kwa kutu vitaanza kulia chini ya sakafu. Na bado tope lingebaki ndani. Nitaufunga siku boila itakapobadilishwa.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu kazi ya mabomba. Yeye alipanda darini, aliona, alishika sumaku, akasema kipande kile kikatwe. Wengine hujaribu kukizibua kwa kurudisha maji ya presha kutoka koki ya chini, lakini alisema tope likitoka mahali linakwenda mahali, na mara nyingi linakwenda kwenye boila. Zaidi ya hayo, kuunga maji ya mfumo na bomba la maji ya kunywa kunataka vali mbili za kuzuia maji yasirudi nyuma.

Tumekubaliana Jumamosi. Upande wa gesi hatugusi: kwa sheria ya hapa ni kazi ya aliye kwenye Gas Safe, rejista ya mafundi wa gesi, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya zamani, CORGI, mwezi Aprili 2009. Mabomba ya maji ni ruhusa.

Jumamosi, 22 Novemba

Siku ndefu. Umeme wa boila umekatwa kwenye fyuzi yake, boya limefungwa kwa kamba, mpira kwenye koki ya chini. Tumefungua koki za hewa za juu ili maji yashuke kwa urahisi. Yalianza kahawia, yakageuka meusi kabisa, na nyasi za bustani zimebaki na doa ambalo mke wangu ameshalitolea maoni.

Maji ya tenkini hayakushuka na mengine, kama tulivyotarajia. Ilibidi kuyachota kwa kopo na kulifuta tope kwa tambara.

Kisha mzee akakata. Alitumia kikata bomba kile kidogo cha kuzungusha, si msumeno, ili vumbi la shaba lisiingie. Kipande kilichotoka kina urefu wa kiganja pamoja na tii yake. Tulikigeuza kuelekea dirishani: mwanga ulipita kwenye tundu la unene wa sindano. Kwingine kote ni mweusi, mgumu, ulioshikamana na shaba hata bisibisi haikuuchimba vizuri. Bomba kuu nalo, pale penye tii, lilikuwa limepungua kwa robo.

Kipande kipya tumekiweka cha milimita 22 kwa sehemu ya mwisho ya bomba la kujazia, ili siku nyingine tope lipate taabu zaidi kuliziba, na juu yake linapungua kuwa 15. Hatukuweka koki yoyote kwenye bomba la kujazia wala la kupumulia. Mtu akija kuifunga kwa kutojua, usalama umekwenda. Mpangilio ni ule unaotakiwa: kutoka boila, kwanza kiungio cha kupumulia, kisha cha kujazia, kisha pampu, na viungio viwili vya kwanza visiachane zaidi ya milimita 150. Hapo pampu inasukuma mfumo badala ya kuuvuta, na hewa haina mahali pa kunyonywa. Viungio ni vya nati na pete ya shaba. Kulehemu ndani ya kabati lenye mashuka hakukumpendeza mzee.

Kujaza kumechukua muda kuliko kukata. Kamba ya boya imefunguliwa, koki za hewa za ghorofani zimefungwa kwanza, za chini zimefunguliwa, maji yakafika, tukafunga, tukapanda. Safari hii tenki lilishuka na kujazwa upya mbele ya macho yangu, na sauti yake nilikaa nikaisikiliza.

Pampu ilikataa. Inatetemeka lakini haisukumi: imeshika hewa. Pampu hii ya zamani ina skrubu kubwa katikati ya uso wake. Unaizima, unaweka tambara chini, unalegeza skrubu kwa bisibisi pana hadi maji yachirizike, unakaza. Ikaondoka. Rejeta ya chumba cha watoto nayo ilibaki baridi mpaka tulipofunga nyingine zote ili pampu nzima iifanyie kazi hiyo moja. Dakika chache, ikanguruma, ikapata moto.

Jioni: kipimo cha gilasi. Maji kwenye gilasi yametulia, pampu ikiwaka na ikizimwa.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeweka dawa ya kusafishia, kwa kuimimina tenkini na kumwaga kiasi kidogo koki ya chini ili iteremke. Itazunguka wiki nzima mfumo ukiwa moto. Hii ni tofauti na dawa ya kuzuia kutu; ya kusafishia inalegeza tope, na haitakiwi kubaki humo.

Kidogo cha hewa kimetoka kwenye rejeta za juu leo. Hii ni ile ya Henry, maji mapya yakipata moto mara ya kwanza. Ilitoka kwa nguvu, na maji yakafuata kwa nguvu.

Jumapili, 30 Novemba

Tumemwaga, tumesuuza hadi maji yanatoka meupe, tumejaza upya. Kwenye bomba la kurudi, kabla ya boila, tumefunga kichujio cha sumaku chenye koki pande zote mbili. Mwongozo wa Uingereza kuhusu maji ya mifumo hii, BS 7593 wa mwaka 2019, unataka kichujio kwenye mfumo, dawa ipimwe kila mwaka, na iwekwe upya au mfumo upimwe kwa kina kila miaka 5. Dawa ya kuzuia kutu imeingia kwa kipimo cha kwenye chupa.

Baada ya hapo kumezuka jambo dogo. Darini nimeona bomba la kupumulia linadondosha tone moja moja tenkini pampu ikiwa inakimbia. Sasa kwa kuwa njia zimefunguka, kasi ya tatu ya pampu imekuwa kubwa mno. Nimeishusha ya pili. Matone yamekoma, na rejeta ya mbali kabisa bado inapata moto kwa wakati wake. Shemeji, nilipomweleza, alitaka kujua bei ya pampu na kwa nini ina kasi tatu kama mbili zinatosha.

Nimeanza pia kipimo cha misumari. Chupa moja ina maji ya mfumo yenye dawa, nyingine ina maji ya bomba, kila moja msumari mpya, dirishani jikoni.

Jumapili, 7 Desemba

Msumari wa maji ya bomba umevaa kutu na maji yake yamekuwa ya rangi ya machungwa. Wa maji ya mfumo unang'aa. Mtoto mkubwa amezichora chupa zote mbili na kupeleka shuleni.

Nimefungua kichujio: sumaku imevaa tope jeusi zito, zaidi ya nilivyofikiria baada ya kusuuza kote kule. Nimekisafisha nikakirudisha. Koki ya kurudishia maji ya rejeta ya bafuni nimeifungua zaidi ili maji yasilale humo.

Jumapili, 14 Desemba

Nje kuna barafu kwenye vioo vya magari. Nimezunguka na ufunguo na chupa ya jamu. Rejeta ya chumba cha watoto imetoa maji papo hapo. Ya bafuni imetoa pumzi fupi sana. Nimeikinga kwenye chupa, nimeleta njiti, haikuwaka. Kichujio kina ukungu mwembamba tu wa weusi. Sumaku ya friji haishiki popote kabatini, nimeipitisha juu hadi chini.

Kilichobaki ni rejeta ya bafuni yenyewe. Chini ya mshono wake kuna doa la kutu lenye unyevu nikiligusa kwa karatasi, na chuma kilicholiwa kwa ndani dawa haikirudishi. Nitaibadilisha kiangazi. Koki zake mbili zinafungwa, kwa hiyo maji ya rejeta hiyo peke yake ndiyo yatakayomwagwa; mengine yatabaki na dawa yake. Nimeshapima urefu kati ya koki hadi koki na kuuandika kwa penseli ukutani nyuma yake.